Gorogoro Kabla ya Gunia

Mama aliuza maharagwe Kibuye, karibu na lango la chuma,
na alikuwa na sheria moja:
mnunuzi achague gorogoro kabla gunia halijafunuliwa.
Zilikuwa mbili. Moja nzima, nyingine imebonyea kitakoni
tangu kaka yangu Ochola aikalie.
"Ukishaona nafaka," alisema, "mkono wako una nia yake."

Jumatatu, ghorofa ya tatu, Kisumu,
faili mbili mezani, lakiri haijavunjwa.
Kampuni kubwa ina nguzo na nyaya toka Mamboleo hadi Ahero.
Kampuni ndogo inakodi nyaya hizo hizo
na inalalamika: wateja wetu huunganishwa mwisho.
Wakili Wekhuli wa kampuni kubwa
ameleta wastani, ameufunga kama zawadi ya harusi:
siku nne kwa wateja wetu, nne na nusu kwa wao.
"Nusu siku, Bi Nyangweso. Nusu siku ni chai na mandazi."

Alitaka nitumie kipimo cha umbo la kengele,
kile tulichofundishwa wote chuoni.
Nikamwambia, nimesoma rekodi za miaka sita:
kungoja simu si kengele, ni kenge.
Kiwiliwili kifupi,
mkia unaburuta hadi nje ya ukurasa.

Nikachagua hivi, kwa wino:
nitahesabu waliovuka wiki mbili.
Kisha siku zote, za huku na za kule,
ziandikwe kwenye vikaratasi, zitiwe sufuria moja, zikorogwe,
zichotwe ishirini na sita bila kuangalia,
idadi ya wateja wa kampuni ndogo,
mara elfu kumi.
(Tarakilishi ndiyo itakayokoroga. Mimi nina bega bovu.)
Bahati tupu ikizaa mkia kama huo
chini ya mara tano katika mia,
basi si bahati, kuna mkono chunguni.

"Kwa nini tano?"
Kwa sababu nikilegeza nitamtoza faini asiye na hatia,
nikikaza, mwenye hatia atapita akipiga mluzi.
Makosa ni mawili, Bwana Wekhuli,
na kila moja lina mtu ndani yake.
Tukatia sahihi. Muhuri.

Alhamisi tukafungua.
Siku mbili, tatu, mbili, moja, tatu.
Kinyozi wa Nyamasaria: kumi na tisa.
Salome Akeyo wa Nyalenda, mshona sare za shule:
thelathini na nane, kuanzia wiki ya kufungua muhula.
Wastani ulikuwa umewameza wote wawili
wala haukucheua.

Sufuria ikakorogwa.
Mara mia tano tisini na moja katika elfu kumi.
Karibu sita katika mia.
Nilitaka tano.

Nilikaa. Mvua ya saa tisa ilishuka kutoka Riat
ikapiga mabati ya gereji chini.
Kwenye tarakilishi kulikuwa na vipimo vingine,
kimoja, nakijua, kingenipa tatu.
Nani angejua?
Nilishika kipanya, nikaona mkono wangu una nia yake,
nikaona kitako kilichobonyea.

Niliandika: haijathibitika.
Sikuandika: hakuna kosa.
Wekhuli aliomba neno moja lifutwe, nikakataa.
Nikaagiza rekodi za miezi mitatu zaidi,
gunia kubwa, gorogoro ile ile.

Jioni nilimpigia Salome kumweleza.
Alisikiliza, cherehani haikunyamaza.
"Kwa hiyo mnangoja," akasema.
Ndiyo, nikasema, tunangoja.
"Miezi mitatu." Uzi ulikatika, nikasikia akiulamba.
"Na hiyo mtaipima kwa gorogoro gani?"